Ndimu, siki na tindikali: kung'arisha birika, shawa na shaba bila ya kuharibu nyumba

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme vya majumbani hapa Unguja. Vyombo vingi vinavyoletwa mezani kwangu ugonjwa wao si umeme, ni maji. Birika linachukua nusu saa kuchemsha, hita inanguruma, shawa inatoa nyuzi tatu za maji na zote zinakwenda ukutani. Ukifungua, ndani kumejaa magamba meupe. Nikimueleza mwenyewe namna ya kuyaondoa, siku ya pili ananipigia simu: ndimu ngapi? Siki ipi? Nikitia ile dawa kali ya chooni si itamaliza haraka? Kesho yake jirani yake naye anapiga, maswali ni hayo hayo. Basi nimeyaandika hapa yote kwa pamoja.

Kabla hujakwenda dukani, lifahamu jambo hili. Gamba la birika, jiwe la ukuta wa Mji Mkongwe, plasta ya chokaa na marumaru ya jiwe vyote asili yake ni moja: kalsiamu kaboneti. Maji ya visima vyetu vingi yanapita kwenye mawe ya matumbawe na kuyayeyusha kidogo kidogo. Ukiyachemsha, kilichoyeyuka kinarudi kuwa jiwe ndani ya birika. Walioko maweni, Paje, Jambiani, Makunduchi, hawahitaji kuelezwa. Asidi inalila jiwe hilo na kutoa povu, lakini haichagui: itakula gamba, na ikimwagika itakula na sakafu. Ndiyo maana mimi siku zote naanza na asidi dhaifu inayoweza kazi, na kali naiacha dukani mpaka nishindwe.

Asidi zilizo karibu nawe

Ndimu na limau zina asidi ya sitriki, kiasi cha 5 hadi 6 kwa mia ya maji yake. Asidi hiyo hiyo inauzwa ikiwa unga mweupe wa chenga chenga, ule wanaotia wapishi wa ubuyu ili ukali ukolee. Usidhani umekamuliwa kwenye ndimu. Viwandani hutengenezwa kwa kuvu linaloitwa Aspergillus niger, linalolishwa sukari au molasi, na biashara hiyo ilianza Marekani mwaka 1919. Siki ni asidi ya asetiki, na chupa nyingi za dukani zina kiasi cha 5 kwa mia. Soma karatasi ya chupa, kwani ipo iliyokolezwa mara nyingi zaidi na hiyo inaunguza ngozi. Ukwaju una asidi ya tatariki. Soda nyeusi za kola zina asidi ya fosforiki, na ndiyo maana mafundi huzimimina kwenye nati iliyoshika kutu.

Halafu kuna kali, ambazo wenyewe tunaziita tindikali. Ya betri ni asidi ya salfuriki. Duniani sehemu kubwa yake huenda kwenye viwanda vya mbolea ya fosfati. Ya kusafishia vyoo na vigae mara nyingi ni haidrokloriki, na viwandani huitumia kuondoa kutu kwenye chuma kabla ya kukipaka zinki kikawa bati la kuezekea. Masonara wanapima dhahabu kwa nitriki. Kwenye mashamba ya mpira utomvu hugandishwa kwa asidi ya fomiki, na hiyo wachuma karafuu wa Pemba wanaijua bila ya kwenda skuli: ndiyo wanayorushiwa na maji moto, wale chungu wekundu wa juu ya mikarafuu.

Kwa birika na shawa hutohitaji hata moja kati ya hizo kali.

Kuwa na hivi kabla hujaanza

- Siki nyeupe, au unga wa sitriki, au ndimu zenye maji. Kimoja kinatosha.
- Magadi au bakingi soda, kwa ajili ya kuua asidi iliyomwagika.
- Glavu za mpira. Kama mkono una mchubuko, ndimu yenyewe itakuonesha.
- Mswaki mkuukuu na kipande cha kumbi la nazi. Steli wuli iache, inachuna.
- Ndoo ya maji safi pembeni. Usitegemee mfereji, maji yanaweza kukatika katikati ya kazi.
- Besheni ya plastiki.

Na hili la "ndimu ngapi": kijiko kimoja kikubwa cha unga wa sitriki (gramu 15 hivi), kikombe kimoja cha siki (mililita 250) na ndimu 8 zenye maji vina nguvu inayokaribiana. Kila kimoja kinaweza kuyeyusha kiasi cha gramu 10 za gamba, basi. Gamba likiwa nene kuliko hapo, haisaidii kusubiri mpaka asubuhi. Asidi imeshakwisha nguvu, mwaga utie nyengine. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kukimbilia tindikali.

Birika la umeme

1. Chomoa waya ukutani. Mwaga maji yote, piga piga birika taratibu kwa kiganja ili magamba yaliyolegea yatoke.

2. Tia maji lita moja, au mpaka yafunike gamba la juu kabisa. Usijaze mpaka mdomoni, povu litapanda.

3. Chemsha maji hayo matupu, kisha zima na uchomoe. Subiri kama dakika tano. Asidi inafanya kazi haraka zaidi kwenye maji ya moto, ila si yanayotokota.

4. Tia unga kijiko kimoja kikubwa, pole pole. Ukitumia siki au ndimu, punguza maji kwanza ili ipatikane nafasi. Ndimu zichuje, kokwa na nyama zake zitajificha kwenye chujio la mdomo.

5. Tazama ndani. Utaona vipovu vinapanda kutoka kwenye gamba na utasikia mchacharo mdogo. Ile ni hewa ya kaboni dayoksaidi, haina tatizo. Kama hakuna povu hata kidogo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Ikikwama" hapo chini.

6. Acha dakika 30. Usirudishe kwenye umeme. Kuna wanaochemsha mchanganyiko wa sitriki nusu saa nzima wakidhani ndiyo itakaza. Matokeo yake wanapata unga mweupe mpya uliotuama chini, nao ni mgumu kuutoa kuliko ule wa mwanzo. Chumvi inayotokana na sitriki na kalsiamu huyeyuka kwa shida kwenye maji, na yakiwa ya moto ndiyo zaidi.

7. Povu likikoma na gamba bado lipo, mwaga, rudia kutoka hatua ya 2 na asidi mpya. Birika lililoachwa mwaka mzima linataka mara tatu au nne. Si ajabu.

8. Gamba lililobaki kwenye kona sugua kwa mswaki. Waya wa kuchemshia ukiwa umo ndani na unaonekana, usiukwangue kwa kisu. Ukiutoboa, birika hilo ni la kutupa, na likishika umeme ni hatari kwa kila atakayeligusa.

9. Suuza mara mbili, kisha chemsha maji matupu na uyamwage. Kama ulitumia siki, chemsha mara mbili. Chai ya kwanza yenye harufu ya siki ndiyo inayowafanya watu waape hawatorudia.

Maji ya kumwaga yapeleke chooni au kwenye mchanga, si kwenye ngazi za saruji wala kwenye mizizi ya mrehani wako.

Sufuria za aluminiamu ni habari nyengine. Asidi inakula aluminiamu yenyewe. Magamba yakiwemo, tia ndimu, dakika kumi, suuza. Usilaze. Magadi nayo kwenye aluminiamu ni mabaya vile vile, hugeuza chombo cheusi.

Kichwa cha shawa na mdomo wa mfereji

1. Kikifunguka, kifungue ukitie kwenye besheni ya siki tupu. Hakifunguki? Tia siki kwenye mfuko wa plastiki mzito, kizamishe humo, ufunge kwa mpira juu.

2. Weka saa. Vilivyopakwa rangi ya fedha inayong'aa, yaani kromu, visipite saa moja. Tabaka lile ni jembamba sana. Likiwa na mkwaruzo siki itapenya chini yake, na baada ya miezi kromu inabanduka kama ganda.

3. Toa, sugua vitundu kwa mswaki, na vilivyoziba vizibue kwa kijiti. Fungulia maji yapite dakika moja kabla hujakirudisha.

Angalia siki inadondokea wapi. Bafu la vigae vya kauri halina neno. Bafu la nyumba ya zamani lenye sakafu ya marumaru ya jiwe au terazo, tandika taulo lililorowa maji na magadi chini. Tone moja la siki likikaa usiku kwenye marumaru litaacha alama yenye ukubwa wa sarafu, isiyong'aa tena, na alama hiyo haioshwi. Inasagwa na kupigwa polishi upya.

Hita ya ukutani usiifungue mwenyewe. Muite fundi, na ukimuona anataka kuifungua bila ya kuzima swichi kubwa, mtafute mwengine.

Shaba: dele, sinia, chetezo na njumu za mlango

Hii ndiyo kazi ninayoipenda, kwa sababu matokeo yake unayaona hapo hapo. Dele la kahawa lililokaa kabatini tangu harusi ya bibi linakuja jeusi. Dakika tano, uso wako unauona ndani yake. Kinacholifanya jeusi ni oksidi ya shaba, na asidi dhaifu ikichanganywa na chumvi inaiondoa vizuri.

1. Hakikisha ni shaba tupu na si chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Weka sumaku: ikinata, acha.

2. Kata ndimu nusu, ichovye kwenye chumvi ya kusaga, sugua. Au tumia ukwaju: roweka kwa maji kidogo mpaka uwe uji mzito, tia chumvi, paka. Mimi ni mtu wa ukwaju. Unaganda pale ulipoupaka, hautiririki, na hauna haraka ya kula kama ndimu.

3. Dakika mbili mpaka tano, na usiondoke. Shaba ya njano ikikaa kwenye asidi muda mrefu inageuka pinki, kwa sababu zinki iliyomo hutoka na kuacha shaba nyekundu juu.

4. Suuza kwa maji mengi, tena na tena mpaka chumvi iishe. Chumvi inayobaki kwenye nakshi ndiyo italeta kijani wiki ijayo.

5. Kausha kwa kitambaa mara moja, kisha pitisha tone la mafuta ya nazi kwenye chombo cha pambo.

Dele linalotumika kupikia kahawa lina bati la rangi ya fedha ndani. Huko ndani usitie ndimu wala ukwaju. Bati likitoka, kahawa itagusa shaba, na hilo si la kunywea mpaka lipakwe bati upya.

Njumu za mlango wa Kizanzibari, ile misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa, zinataka subira. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini milango yake inaoshwa na mtu yeyote mwenye ndoo. Asidi ikiingia kwenye mti inaacha baka, na ikifika kwenye chokaa ya ukutani inaila. Kata duara la karatasi ngumu lenye tundu la ukubwa wa njumu, livishe, paka ukwaju kwa mswaki kwenye njumu tu, futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu. Moja moja. Anayekuja na chupa ya tindikali na brashi kubwa akakwambia atamaliza mlango mzima kwa saa moja, mshukuru mrudishe.

Saruji iliyoganda kwenye vigae

Hapa ndipo pekee ninapokubali haidrokloriki, na ni kwa vigae vya kauri tu. Baada ya watu kumwagiwa tindikali hapa Unguja mwaka 2012 na 2013, usikasirike muuzaji akikuuliza unaitaka ya nini.

1. Vaa glavu ndefu, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika. Fungua madirisha yote. Watoto na paka nje.

2. Mwagia sakafu maji kwanza, ili viungo kati ya vigae vishibe maji visinywe asidi.

3. Tia maji vikombe 10 kwenye ndoo ya plastiki, *kisha* asidi kikombe kimoja, taratibu. Usigeuze mpangilio huu hata siku moja. Ukimimina maji juu ya asidi kali, joto hutoka ghafla na mchanganyiko unaruka mpaka usoni.

4. Paka kipande kidogo, dakika mbili, sugua, suuza. Endelea na kipande kingine.

5. Malizia kwa maji ya magadi sakafu nzima, kisha maji matupu.

Betri ya sola au ya gari

Swali linakuja kila wiki: maji ya betri yamepungua, nitie tindikali? La. Kilichopungua ni maji tu. Asidi imebaki humo humo. Tia maji ya betri yaliyosafishwa mpaka kwenye alama. Ukiongeza tindikali unaikoleza kupita kiwango, na sahani za risasi ndani zinakwisha kabla ya wakati. Betri iliyojaa chaji tayari ina asidi ya karibu 37 kwa mia. Haina haja ya zaidi. Maji ya mfereji nayo hayafai, yana madini yale yale yaliyoziba birika lako.

Makosa yanayopeleka watu hospitali

Asidi na jiki havikutani. Si siki, si ndimu, si dawa ya chooni. Vikichanganyika hutoka hewa ya klorini, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha dakika moja inatosha kukubana kifua. Watu wengi hawachanganyi kwa makusudi: jana walimwaga jiki chooni, leo wanamwaga dawa ya vigae. Vuta maji mara mbili kati ya dawa moja na nyengine. Ukishaisikia harufu kali ya klorini, toka nje kwanza, kusafisha kutasubiri.

Usitie tindikali kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Nimeshaiona kwenye jokofu la watu.

Ikikumwagikia, vua nguo iliyorowa na ujimiminie maji mengi dakika 20 zisizopungua, na jichoni vivyo hivyo, kope zikiwa wazi. Magadi ni ya sakafuni, si ya ngozini. Mtu akiinywa, usimtapishe. Itaunguza koo mara ya pili. Mpeleke hospitali haraka, na chupa yenyewe uichukue daktari aione.

Kosa dogo ila la kila siku: kuchanganya ndimu na magadi kwa pamoja ili "dawa iwe kali". Povu lake linafurahisha, lakini vimeuana. Umebaki na maji ya chumvi.

Ikikwama

*Hakuna povu kabisa.* Ama siki imechakachuliwa, ama kile si gamba la chokaa. Jaribu tone la siki hiyo kwenye kipande cha jiwe la tumbawe. Likitoa povu, siki ni nzima na uchafu wako ni kitu chengine, pengine mafuta. Hayo yanataka sabuni na maji ya moto.

*Madoa ya rangi ya chai yamebaki.* Ni kutu ya mabomba. Unga wa sitriki utayatoa, siki itahangaika. Tia kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu, saa moja.

*Unga mweupe laini umetuama na haukwanguki.* Ulichemsha sitriki. Mwaga, tia siki tupu isiyo ya moto, laza usiku mmoja, sugua.

*Shaba imegeuka pinki.* Acha asidi kabisa. Sugua kwa kumbi la nazi na jivu laini lililochekechwa. Rangi ya njano itarudi polepole, kwani tabaka la pinki ni jembamba.

*Birika limetakata lakini bado linachelewa kuchemsha, au linakata umeme.* Waya wa kuchemshia umeshaungua au kidhibiti joto kimeharibika. Asidi haina la kufanya hapo. Lilete kwa fundi, na usiendelee kulichomeka ukijaribu bahati.

*Magamba yanarudi baada ya mwezi.* Yatarudi, maji ni yale yale. Usiache maji yakalala ndani ya birika usiku, na kila Ijumaa tia ndimu mbili kwa dakika kumi kabla gamba halijawa nene. Mwenye tangi la maji ya mvua atumie hayo kwa chai. Hayakupita kwenye jiwe, hayana gamba.